Grili ya mtumba ikifa bana: Kutoka Mchikichini mpaka Gerezani kusaka spea isiyotengenezwa tena

Msomaji, kuna vitu vya mtumba ambavyo ukishalipa umemaliza, na kuna vile ambavyo siku ya kulipa ndiyo kwanza umeanza. Shati la Karume likikubana unampa mdogo wako, yamekwisha. Lakini grili ya gesi, ile kubwa yenye kifuniko na magurudumu mawili, iliyoshuka na kontena ikiwa na nembo iliyochubuka, hiyo ni ndoa. Siku inapougua ndipo utajua wakwe zako wako wapi, na mara nyingi wako mbali sana.

Mshkaji wangu mmoja wa pale Mchikichini yamemkuta. Anachoma kuku wa oda, Ijumaa mpaka Jumapili, na grili yake ndiyo inayolipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wake. Bana zake ni tatu. Kwa asiyejua, bana ni lile bomba jembamba lenye vitundu ambalo moto unatokea. Mbili zilikuwa zimeoza kwa kutu, moja imepasuka ubavuni kabisa. Kuku wanaiva mgongo wa kushoto, wa kulia damu. Jumamosi ana oda ya send-off, kuku arobaini, na kianzio ameshakila. Noma!

Ushauri wa kwanza aliopewa kijiweni: ng'oa bana zote, tupia mkaa ndani, maisha yaendelee. Jamani, hapo subiri. Maboksi mengi ya grili hizi ni ya aluminiamu ya kumiminwa, ndiyo maana hayaoti kutu hata yakinyeshewa. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na mkaa uliokolea ukapigwa na upepo unaweza kupita hapo. Unaweza kujikuta una kuku, una majivu, na tako la grili liko chini. Isitoshe vijana walihamia kwenye gesi ili kuukimbia mkaa, na hata serikali ilipozindua mkakati wake wa nishati safi mwaka 2024 ilisema inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sasa wewe unarudi nyuma?

Basi safari ikaanza. Karume hatukukaa, maana pale ni nguo na viatu, spea utaishia kupata za mdomo. Tukakata mguu mpaka Kariakoo, kwenye maduka ya majiko. Ukiingia na jiko la plate mbili la Kichina wewe ni mfalme: koki zipo, vichwa vipo, mipira ya kila rangi imening'inia kama soseji. Ukitoa bana ya grili muuzaji anaigeuza mara mbili, anaita mwenzake, kisha wimbo ni ule ule: "Hiyo haipo kaka, chukua jiko jipya." Duka la pili hivyo hivyo. La tatu tukauziwa soda.

Usiwalaumu. Muuzaji wa Kariakoo analeta kinachozunguka. Na huko grili zinakotoka mambo yako ya namna mbili. Kuna kampuni zenye jina, mfano Weber ya Marekani, ambayo aina yake ya Genesis ilianza kuuzwa mwaka 1985 na jina hilo lipo mpaka leo. Lakini jina si spea! Genesis ya enzi zile na ya sasa matumbo ni tofauti, bana ya hii haiingii kwenye ile. Kuna nyingine ni jina la supamaketi tu: duka kubwa linaagiza grili kiwandani, linabandika nembo yake, linauza msimu mmoja au miwili, kisha linahamia toleo jingine. Hapo kumwandikia barua mtengenezaji ni sawa na kumtafuta aliyekushonea sare ya darasa la kwanza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kibati cha namba. Kiko nyuma ya boksi, chini, au ndani ya mlango unakokaa mtungi. Kisugue taratibu, andika namba zote kabla kutu haijazila. Ukiwa na ndugu au mshkaji Dubai au Marekani, hiyo namba ndiyo anayoihitaji, siyo picha yako umesimama na grili. Na hata kama modeli imekufa, kule zipo bana za kuazima ambazo zinauzwa kwa vipimo. Pima urefu wote, pima upana wa mdomo unaopokea gesi, pima kutoka mdomoni hadi kwenye skrubu ya kufungia. Vipimo vitatu tu, lakini ukikosea sentimita mbili umenunua filimbi.

Mshkaji hakuwa na muda wa ndege wala meli. Jumamosi haisubiri. Tukavuka kwenda Gerezani, kwa mafundi wenyewe, wale ambao ukiwaletea kitu wanakigusa kabla ya kukusalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ya zamani iko wapi?"

Hilo ndilo swali la fundi wa kweli, liweke kichwani. Kanjanja hakuulizi ya zamani, anakuuliza una shilingi ngapi. Bana mbovu usiitupe hata kama imebaki nusu, maana pale ndipo fundi anapohesabu vitundu na kupima ukubwa wake. Vitundu vikizidi upana, moto unarudi ndani na kuunguruma. Vikipungua, moto unaruka juu na kuzimika. Mzee alichukua bomba la stenilesi lenye unene ule ule, akatoboa kitundu kimoja kimoja kwa kufuata cha zamani. Mchana mzima ulikwisha hapo, nasi tumekaa juu ya tairi tukila mihogo.

Waya za kuwekea nyama zilikuwa rahisi zaidi, ni nondo nyembamba za stenilesi na kuchomelea. Ila ukiletewa chuma kilichopakwa zinki, kile cha kung'aa kama bati, kataa. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu, na moshi huo utakuwa umeulalia msosi.

Kuna kitu kimoja mzee alikataa kabisa kukigusa: nozo. Ni kipande kidogo cha shaba nyeupe chenye kitundu kama cha sindano, kinachopima gesi. Alikisafisha tu kwa hewa. Wapo wanaokichokonoa kwa msumari ili moto uwe mkubwa, nao wanapata moto mrefu wa njano, masizi, na kuku mwenye ladha ya stovu. Moto mzuri ni wa bluu. Na kabla hujapanua chochote, chungulia kwenye koo la bana kama hakuna buibui. Usicheke! Buibui hupenda kujenga humo, na vitabu vya grili huonya juu ya jambo hilo. Mwaka 2011 Mazda waliita magari kama 65,000 huko Amerika Kaskazini kwa sababu ya buibui kwenye mirija ya tangi la mafuta.

Kuhusu regyuleta, hiyo haitengenezwi, inanunuliwa mpya. Mdomo wa Kimarekani haukai kwenye mitungi yetu, lakini msukumo wa gesi wa regyuleta zetu za nyumbani unakaribiana na wa kwao, kwa hiyo unabadilisha regyuleta na mpira, grili haijui tofauti. Ile regyuleta ya msukumo mkubwa ya majiko ya chipsi usithubutu kuifunga kwenye grili.

Mchikichini moto si hadithi, soko la Karume liliteketea Januari 2022 na watu wanalikumbuka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na kusubiri cheche. Ndiyo maana Ijumaa usiku, grili ikiwa nje uwanjani, hakuna aliyewasha kitu mpaka kila kiungo kilipopakwa povu la sabuni. Kiungo kimoja kikatoa mapovu. Kikakazwa, kikapakwa tena, kimya.

Kuku arobaini walitoka Jumamosi, mgongo wa kushoto na wa kulia rangi moja. Kiwashio cha kubonyeza ndicho hakikupatikana mpaka leo, Kariakoo wala Gerezani. Jamaa anafungua kifuniko kwanza, anawasha kiberiti kirefu, ndipo anazungusha koki.