Masuala ya kijamii katika tamthilia za mfululizo za Uingereza

Tamthilia za mfululizo za Uingereza ni michezo ya kuigiza ya televisheni inayorushwa mara kadhaa kwa wiki, mwaka mzima, bila mwisho uliopangwa. Huhusu maisha ya kila siku ya wakazi wa mtaa mmoja, hasa watu wa kipato cha chini, na zinajulikana kwa kuingiza masuala ya kijamii ndani ya hadithi. Jina lake la Kiingereza lina neno "sabuni" kwa sababu michezo ya kwanza ya aina hii katika redio za Marekani ilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni.

Tamthilia maarufu

* Coronation Street (ITV, tangu tarehe 9 Desemba 1960): mahali pake ni Weatherfield, mji wa kubuni unaofanana na Salford.
* Brookside (Channel 4, 1982–2003): iliigizwa Liverpool.
* EastEnders (BBC, tangu tarehe 19 Februari 1985): mahali pake ni Walford, eneo la kubuni la mashariki mwa London.

Namna masuala yanavyoonyeshwa

Tofauti na filamu, tamthilia ya mfululizo inaweza kufuata tatizo moja kwa miaka mingi. Mtazamaji humzoea mhusika kama jirani, kisha humwona akikabili tatizo hilo. Mfano ni Mark Fowler wa EastEnders, aliyeigizwa na Todd Carty. Mwaka 1991 ilijulikana kwamba Mark ana VVU. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba virusi hivyo huwapata wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume tu, na kwamba mwenye navyo hufa upesi. Mark hakuwa mmoja wao. Alioa, akauza matunda sokoni, akabaguliwa na baadhi ya majirani, na akaendelea kuishi mtaani hadi mwaka 2003.

Ukatili wa majumbani nao umeonyeshwa mara nyingi. Katika Brookside, mwaka 1993, Mandy Jordache na binti yake Beth walimuua mume katili na kumzika nyuma ya nyumba. Katika Coronation Street, miaka ya 2019 na 2020, Geoff alimtawala mkewe Yasmeen kidogo kidogo, akimfuatilia na kumdhalilisha. Utawala wa namna hiyo ni kosa la jinai England na Wales tangu mwaka 2015.

Waandishi hushauriana na mashirika ya hisani, na baada ya sehemu nzito watazamaji huelekezwa mahali pa kupata msaada.

Ukosoaji

Tamthilia huhitaji misukosuko ili kuvuta watazamaji, na hapo ukweli unaweza kupotoshwa. Kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, EastEnders ilionyesha mama aliyefiwa ghafla na mtoto mchanga akimbadilisha na mtoto wa jirani. BBC ilipokea maelfu ya malalamiko, yakiwemo ya kwamba wazazi waliofiwa walionyeshwa vibaya, na hadithi hiyo ikamalizwa mapema. Vilevile, hadithi za ukatili huishia mara nyingi kwa damu au mahakamani, ilhali waathirika wengi huishi na mateso hayo kimya.