Ungelipa Shilingi Ngapi Kupimwa? Maana ya Swali Hili na Jinsi ya Kulijibu

Kabla ya kupanga huduma ya uchunguzi wa afya, kwa mfano wa saratani ya mlango wa kizazi, watafiti huuliza wananchi: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani? Swali hili si bili wala ahadi. Ni kipimo cha kuonyesha bei itakayowazuia watu kuja.

Kwa nini huulizwa?

Saratani hii huchukua miaka mingi kukua, na dalili za awali zikigunduliwa mapema hutibiwa kabla ya kugeuka saratani. Shirika la Afya Duniani linalenga kuwa ifikapo 2030, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakifikisha miaka 35, na tena wakifikisha 45. Lakini asiyehisi maumivu haoni haraka ya kulipia kipimo huku karo na unga vikimsubiri.

Huulizwaje?

• Swali la wazi: unataja kiasi mwenyewe. Ni rahisi, ila wengi hubahatisha.
• Ndiyo au hapana: kila mtu hupewa bei moja, huyu shilingi 100, yule 500. Watafiti huhesabu waliokubali kila bei.
• Kupandisha na kushusha: bei hubadilishwa hadi useme basi. Kasoro yake ni kwamba bei ya kwanza huvuta jibu.

Tahadhari katika kusoma majibu

Wastani unaweza kupotosha. Wanawake wanne wakitaja 0, 0, 100 na 1,100, wastani ni shilingi 300. Hata hivyo, ada ya 300 ingewafungia nje watatu kati yao. Jibu la sifuri nalo lina maana mbili: "sina pesa" au "huduma hii yafaa iwe bure". Ndiyo maana ni lazima sababu iulizwe.

Isitoshe, kusema si kulipa. Utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa ada ndogo tu ilipunguza matumizi ya dawa hizo kwa asilimia 80.

Ukiulizwa, fanya hivi

1. Omba kuona kitambulisho cha mtafiti na uelezwe lengo la utafiti.
2. Kumbuka gharama zote: nauli ya kwenda na kurudi, na kibarua utakachokosa siku hiyo.
3. Taja kiasi unachoweza kutoa bila kukopa. Usikipandishe ili kumpendeza anayeuliza, wala usikishushe kwa hofu ya ada.
4. Kama huwezi kulipa chochote, sema hivyo na utoe sababu.
5. Usitoe pesa. Kujibu maswali hakulipiwi.

Una haki ya kukataa kujibu, na kukataa hakukunyimi matibabu. Lakini mwenye kipato kidogo akinyamaza, bei hupangwa kwa majibu ya wenye nacho.