Bao moja, mahindi malori 129!

Msomaji wangu, ukifika Msowero kule Kilosa, mzee akakukaribisha bao, cheza kujifurahisha tu. Dau usiweke. Mwenzio yamenikuta.

Dada alinituma kutoka Dar nikamnunulie gunia la mahindi. Unashuka Dumila, unashika barabara ya Kilosa. Mzigo nikaupata, nikawa nasubiri gari chini ya mwembe, mzee mmoja akaniita: "Kijana, njoo tupoteze muda." Dau je? "Ukinifunga, jogoo wako. Nikikufunga, unalijaza bao hili mahindi. Shimo la kwanza punje moja, la pili mbili, la tatu nne, unakwenda unazidisha mara mbili hadi la mwisho."

Nikacheka kimoyomoyo. Mashimo 32 tu! Jogoo nikaanza kumwona mezani.

Nilifungwa fasta, hata aibu kusimulia.

Tukaanza kuhesabu, mzee akiandika mchangani. Safu ya kwanza, mashimo manane: punje 255, kiganja kimoja. Ya pili ikiisha, jumla 65,535. Piga punje moja gramu 0.3, hapo ni kama debe. Ya tatu: 16,777,215, tani tano! Nikaanza kuangalia njia ya kukimbilia. Bao zima: 4,294,967,295. Tani 1,288 na ushee, malori ya tani kumi kama 129. Ebwana!

Namba ile ilininyima usingizi, nikaichambua. Kumbe ina ukoo. Ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537, na zote tano ni namba tasa: hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Tena zinazaana. Zidisha zilizotangulia, ongeza 2, inakuja inayofuata: 3 mara 5 ni 15, ongeza 2, ni 17. Mfaransa Pierre de Fermat, wa miaka ya 1600, aliamini mchezo huo utatoa namba tasa milele. Haya, zidisha zote tano, ongeza 2: 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa hiyo inagawanyika kwa 641. Fermat naye kafungwa! Na hadi leo ya sita iliyo tasa haijaonekana.

Kuna na dogo mmoja wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss. Mwaka 1796, akiwa na miaka 18, aligundua kuwa umbo lenye pande 17 zinazolingana linachoreka kwa rula na bikari tu. Kwa hesabu zake, hata la pande 4,294,967,295 linachoreka, na katika idadi za witiri hakuna kubwa zaidi ya hiyo inayojulikana. Nani ataichora, sijui.

Na deni? Mzee alinihurumia, akasema nilipe safu mbili tu. Debe likachotwa humo humo kwenye gunia la dada.

Nilipomfikishia, akalitikisa. "Mbona jepesi?" Nikaanza kumweleza habari za Fermat.

Ugali wa usiku ule sikuuona.