Acha Acheze, Nawe Kaa Naye

Mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na baba hatakaa mkekani akueleze huzuni yake. Ataanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha. Atampiga mdogo wake bila sababu. Tumbo litamuuma kila asubuhi ya shule, na zahanati hawataona kitu. Majirani nao watasema anadeka, au kwamba hajui msiba ni nini, maana jioni ileile ya mazishi alionekana nyuma ya nyumba akicheza. Lakini alikuwa akicheza nini? Amelaza gunzi la mahindi kwenye kishimo, analifukia, analifukua, analifukia tena.

Tiba kwa mchezo inaanzia kwenye kishimo hicho. Watoto wadogo, hasa wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili, hawajapata maneno ya kutosha kubeba hofu, aibu, wivu au hasira. Wana mikono, udongo na vitu. Gunzi linaweza kufa na kufufuka mara kumi, na mtoto ndiye anayeamua lini. Katika msiba wa kweli hakuamua chochote. Alivalishwa nguo, akapelekwa kwa shangazi, akaambiwa anyamaze. Kurudia mchezo uleule humrudishia nafasi ya kushika usukani wa jambo lililomzidi nguvu, na kwa kuwa "ni gunzi tu", anaweza kulisogelea bila kuzidiwa.

Wataalamu waliliona hili zamani. Melanie Klein alitumia vinyago vidogo kuwatibu watoto mjini Berlin miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka hiyo, daktari Margaret Lowenfeld wa London aliwawekea watoto trei za mchanga na vijisanamu vya watu, wanyama na nyumba, akawaachia wajenge dunia yao. Ila aliyeipa kazi hii sura ambayo wengi tunaifuata leo ni Mmarekani Virginia Axline, katika kitabu chake cha mwaka 1947. Kanuni zake ni rahisi kusema na ngumu kutenda: mpokee mtoto alivyo, mwache aongoze, usimharakishe, na weka mipaka michache tu ya lazima.

Kwa kawaida kikao huchukua dakika 30 hadi 50, siku ileile na saa ileile ya juma, mahali palepale. Mtoto anakuta vitu vimeshapangwa: midoli, vyombo vya kupikia, magari, wanyama, udongo wa kufinyanga, karatasi na rangi. Huku kwetu Hasamba, mkoani Songwe, sioni haja ya kuagiza chochote kutoka mjini. Magari ya mabua, midoli ya magunzi na vitambaa, vifuu, udongo na kopo la maji vinatosha.

Kinachokosekana ni mtu mzima anayejua kunyamaza. Sisi wakubwa tukiona mtoto kamfungia mdoli nje ya nyumba ya vijiti, tunamrukia: "Nani alikufungia nje? Ni mama mdogo?" Mtaalamu anasema tu, "Huyu yuko nje peke yake. Na giza limeingia." Kisha anasubiri. Mtoto akikubali ataendelea, asipokubali atasahihisha: "Hapana, hayuko peke yake, mbwa yupo." Hapo umeshajua mengi kuliko ambavyo maswali ishirini yangekupa. Akitaka kukupiga kwa jiwe, unaweka mpaka bila kufoka: "Naona umekasirika sana. Mimi si wa kupigwa. Unaweza kulipiga gunia." Hasira inakubaliwa, jiwe linakataliwa.

Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mazingira yake. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanapanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, na wafanyabiashara wanavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi. Familia nyingi huku Mbozi zinaishi kwa kahawa, mahindi na safari. Mtoto anaweza kulelewa na bibi mwaka mzima, baba akiwa barabarani na mama akiwa sokoni. Silaumu, ada na chakula havitoki mbinguni. Nasema tu kwamba mtoto anayezoea watu kuondoka na kurudi bila kuambiwa lini huwa na jambo la kucheza.

Je, tiba hii inafanya kazi? Mwaka 2005 Sue Bratton na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 93, wakaona watoto waliotibiwa kwa mchezo walipata nafuu kubwa kuliko wasiotibiwa, na nafuu ilizidi pale wazazi walipofundishwa kuendesha vikao wenyewe. Hata hivyo, nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2007 uliwafuatilia vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa katika kambi za waliokimbia vita. Tiba ya mazungumzo katika vikundi ilipunguza sonona kwa wasichana. Michezo ya ubunifu haikuonyesha tofauti. Kwangu hilo lina mafunzo mawili. Kijana mkubwa anahitaji kuzungumza, na kuwakusanya watoto wacheze, ingawa ni jambo jema, bado si tiba.

Habari njema kwa vijiji visivyo na mtaalamu ilitoka Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya. Huko watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 walishiriki utafiti wa tiba ya kisaikolojia ya majonzi, na walioiendesha hawakuwa wanasaikolojia bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu zaidi ilipomalizika. Haikuwa tiba kwa mchezo, lakini inaonyesha kuwa mwalimu wa awali au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishika.

Kwa hiyo mzazi, jaribu nusu saa kwa juma. Simu weka mbali. Mwambie, "Muda huu ni wako, wewe ndiye utakayesema tucheze nini." Usifundishe rangi wala hesabu, usimsahihishe mpishi wa tope. Hii si hisani: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu.

Yapo mambo usiyopaswa kuyabeba peke yako. Mtoto akirudia katika mchezo matendo ya kingono yasiyo ya umri wake, akisema anataka kufa, akiacha kula au kuongea, au akikueleza kuwa ameumizwa, usimhoji kama polisi na usimwite mtuhumiwa mje kusuluhishana nyumbani. Mwambie unamwamini. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dawati la jinsia na watoto la polisi, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe. Ukiwa mbali na vyote hivyo, piga 116, namba ya taifa ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.