Mvua ya dakika kumi ndiyo inabomoa depo

Mvua inarudi mwezi wa tisa, na katika kooperative za Kivu ya Kusini tunaulizwa swali lile lile: mtaro wa depo uwe na upana gani? Mara mingi watu wanachimba kwa kukadiria na macho. Halafu mvua moja inapiga, maji yanapita juu ya mtaro, yanakula msingi wa ukuta na kulowesha mifuko ya mahindi ao kahawa ya wanamemba wote.

Kujua kwamba mwezi ulileta mvua mingi haitoshi. Milimetre 30 zikinyesha polepole siku nzima, udongo unakunywa sehemu kubwa. Zikianguka kwa dakika 20, zinakimbia. Tunachopima ni kasi ya mvua.

Namna ya kupima

Tafuteni kopo lenye pande zilizonyooka. Mulifunge juu ya mti wa urefu wa metre moja, fasi ya wazi, mbali na nyumba na miti. Mvua kali ikianza, mtu mmoja ashike saa. Kila dakika 10 apime maji na rula, aandike katika kayee.

Namna ya kuhesabu

Milimetre 1 ya mvua juu ya metre kare 1 ni lita 1. Tuseme kopo limepata milimetre 15 kwa dakika 10: ni 1,5 kwa dakika. Depo ya metre 20 kwa 10 ina metre kare 200. Manjanja yake yanamwaga lita 300 kila dakika, ni kusema bido 15 za lita 20.

Lakini hatari kubwa iko nyuma ya depo. Mteremko wa nusu hekta unapokea lita 7.500 kwa dakika. Hata udongo ukikunywa nusu, zinashuka lita 3.750. Pamoja na paa: 4.050.

Mtaro utabeba?

Siku maji yanapita, achilieni jani. Likienda metre 10 kwa sekunde 20, ni metre 0,5 kwa sekunde. Maji ya chini yanaenda polepole zaidi, basi tuchukue 0,4. Upana wa sentimetre 60 na kina cha 30 vinapitisha lita 72 kwa sekunde, ao 4.320 kwa dakika. Inatosha. Ongezeni kina cha sentimetre 10, juu ya majani na udongo vinavyoziba.

Mvua moja haitoshi kuamua. Andikeni msimu wote, mushike ile kali zaidi, na muulize wazee maji yalifika wapi zamani. Mwisho wa mtaro mupande setaria, maji yasichimbe shamba la jirani.

Mtaro hauzuii mto. Kule Kalehe, mwezi wa tano 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Depo iliyo kando ya mto ihamishwe kwanza. Mtaro unakuja nyuma.