Bomba la Matundu

Mtoto wa pwani anayejenga nyumba ya mchanga ufukweni tayari anajua nusu ya kazi ya msingi. Mchanga mkavu haushikani. Ukiwa chepechepe unasimama wima, hata ukuta wenye madirisha unachongeka. Ukizidi maji, unamiminika kama uji. Mchanga ni uleule, kilichobadilika ni maji.

Sasa mfanye mtoto huyo mkandarasi, na nyumba yake iwe ghorofa lenye maegesho ya magari chini ya ardhi, kwenye kiwanja cha mchanga karibu na bahari. Anachimba mita mbili, maji haya hapa. Anateremsha pampu shimoni na kuyavuta. Yanatoka, kisha yanarudi, na kila yakirudi yanakuja na mchanga. Sakafu ya shimo inatokota kama sufuria jikoni, kingo zinamong'onyoka, na ukuta wa jirani unapata ufa, maana mchanga unaotapikwa na pampu ulikuwa umebeba msingi wake.

Kosa lake ni kuyasubiri maji ndani ya shimo. Mafundi wa kazi hii huyakamata nje, kabla hayajafika. Hupanga mabomba membamba kuzunguka kiwanja, moja kila baada ya mita moja au mbili, kila moja likiwa na kichwa cha matundu na chujio upande wa chini. Wahandisi huyaita welipointi. Yote huunganishwa juu ya ardhi na bomba moja nene linaloelekea kwenye pampu. Pampu ikivuta, maji ya ardhini yanashuka, na eneo la katikati linabaki na ule mchanga chepechepe wa mtoto, unaochimbika bila kuporomoka.

Chombo hiki hakikuanza kama adui wa maji. Kilianza kwa kuyatafuta.

Mwishoni mwa mwaka 1867 jeshi la Uingereza lililoongozwa na Robert Napier lilianza kushuka Zula, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, likiwa safarini kumwendea Mfalme Tewodros wa Uhabeshi. Pwani ile ni kavu, na maji mengi ya kunywa yalipatikana kwa kuchemsha maji ya bahari melini na kukusanya mvuke wake. Kwa safari ya bara walibeba mabomba ya chuma yenye ncha kali na matundu pembeni, ambayo hupigiliwa ardhini kwa uzito unaoinuliwa na kuachiwa, mfano wa kupigilia nguzo. Ncha ikifika kwenye mchanga wenye maji, pampu ya mkono hufungwa juu. Hakuna aliyeshika jembe. Tangu hapo Waingereza wakakiita chombo hiki kisima cha Uhabeshi, ingawa Wahabeshi hawakuhusika hata kidogo katika kukibuni.

Huko Marekani bomba hilohilo lilizua kesi. Nelson Green wa Cortland, New York, alipewa hataza ya uvumbuzi mwaka 1868, na wakulima waliokwisha kupigilia mabomba yao wenyewe wakajikuta wakidaiwa ada. Vuta nikuvute ilikwisha mwaka 1887, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoibatilisha hataza kwa sababu watu walikuwa wakivitumia visima hivyo hadharani zaidi ya miaka miwili kabla Green hajaomba. Katika miaka ya 1920 Thomas Moore wa New Jersey akayapanga mabomba ya aina hiyo kwa safu, si kwa ajili ya kunywa bali kukausha mashimo ya ujenzi.

Kuyazamisha mabomba hayo kunapendeza kutazama. Kwenye mchanga hakuna nyundo. Maji ya nguvu husukumwa kupitia bomba na kutokea nchani, mchanga wa chini unageuka uji, na bomba linazama kwa uzito wake, mita tano au sita kwa dakika chache. Kisha mchanga safi wa chembe kubwa humwagwa kulizunguka uwe chujio la pili. Fundi mvivu huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama pampu itatoa maji maangavu au tope. Kiungo kimoja kikivujisha hewa, safu nzima inapoteza nguvu, ndiyo maana fundi wa zamu hutembea usiku kucha akisikiliza mabomba yanayokoroma. Pampu ya akiba nayo lazima iwepo, kwa kuwa umeme ukikatika usiku wa manane maji hayasubiri asubuhi.

Lakini kuna mpaka ambao pesa haziuvuki. Pampu iliyo juu ya ardhi haiyavuti maji kwa kamba. Inaondoa hewa bombani tu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mwitaliano Torricelli aliufafanua uzito huo katika miaka ya 1640. Usawa wa bahari hewa inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo, basi. Nairobi, palipoinuka, ni kama mita 8 na nusu. Na hizo ni hesabu za karatasini: kazini, safu moja ya mabomba hushusha maji mita tano au sita. Anayetaka kwenda chini zaidi huchimba kwa ngazi, kila ngazi na safu yake.

Kanuni hiyohiyo imeamua sura ya visima vifupi vya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 Uholanzi ilisaidia kuvichimba Shinyanga na baadaye Morogoro, Finland ikafanya hivyo Mtwara na Lindi. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyojaribiwa Kwale nchini Kenya katika miaka ya 1980, ina silinda iliyozamishwa majini, si juu. Inayainua maji kutoka chini badala ya kuyafyonza, kwa hiyo inafikia maji ambayo pampu ya kufyonza haiyagusi.

Kukausha ardhi nako kuna gharama zake. Udongo laini ukinyang'anywa maji hunywea, na nyumba iliyo juu yake hushuka nao. Berlin, Ujerumani, maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na mabomba ya rangi ya waridi ya kuyasafirisha hupita juu ya barabara hadi watalii huyapiga picha. Ila mashimo makubwa ya uwanja wa Potsdamer Platz yalipochimbwa katika miaka ya 1990, wajenzi hawakuthubutu kuyashusha maji ya eneo lote. Waliyaacha mashimo yajae, wakatuma wapiga mbizi kumwaga zege la sakafu chini ya maji, kisha ndipo wakayavuta.

Pwani yetu ina lake. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ardhini, na kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 chini yake. Ndiyo kusema ukiyashusha kidogo juu, chumvi hupanda sana kutoka chini, na visima vya majirani ndivyo vinavyoionja kwanza. Penye mwamba wa matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, maji ya nguvu hayatoboi kitu. Lazima mashine ianze kutoboa.

Jirani wa kiwanja kama hicho na apige picha nyufa za nyumba yake kabla pampu haijawashwa, siyo baada. Mkandarasi naye asifurahie mapema. Sakafu ya chini ikishamwagwa, pampu bado haizimwi: jengo ambalo halijawa na uzito wa kutosha huelea maji yakirudi, kama boti.