Mlengaji Naye Aulizwe

Wahenga wetu walinena ya kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii tumezoea kuitaja katika mambo ya nyumba na unyumba. Lakini pako mahali pamoja ambapo yatumika kwa maana yake ya dhahiri kabisa, napo ni uwanja wa mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki. Hapo mshindani hulala kifudifudi juu ya turubai, jicho limetulia kwenye darubini na pumzi ameibana, na msimamizi wa mashindano yuko mbali, ameketi mezani na daftari lake. Kama ardhi imeinama, kama majani yameziba shabaha, kama mwamuzi amesema neno lisilosikika, ajuaye ni yule aliyelala. Msimamizi hatajua mpaka aulize.

Basi, wasomaji wetu wapenzi, swali tunalotaka kulitazama ni hili: mashindano ya usahihi hufanywaje yawe bora mwaka hata mwaka? Wengi watajibu: kwa bunduki nzuri, kwa uwanja mpana na kwa zawadi kubwa. Vyote hivyo vina faida yake. Lakini lipo jambo lisilogharimu fedha nyingi, nalo lashinda hayo yote: kuwauliza walioshindana, kuwauliza kwa utaratibu, kisha kuwajibu.

Mchezo wenyewe ulivyo

Yafaa kwanza ifahamike jinsi mchezo huu ulivyo mwembamba. Katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya hewa, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na kitovu cha alama kumi ni kidoa chenye upana wa nusu milimita tu. Katika bunduki ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, yaani kiasi cha ukucha wa kidole kidogo.

Huko Marekani iko namna nyingine ya mchezo huu, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa na mfululizo wake wa mashindano uitwao Precision Rifle Series. Shabaha zake ni vibao vya chuma vilivyotundikwa kwa minyororo, vingi vikiwa kati ya yadi 300 na yadi 1,000, na vingine mbali zaidi. Washindani hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupita kutoka kituo hata kituo. Kituoni mtu hupewa kiasi cha sekunde 90 au dakika 2, apige akiwa ameegemeza bunduki juu ya ukuta wa mbao, au pipa, au tairi, au jiwe. Mwamuzi mwenye darubini hutamka kama risasi imegusa chuma au imekosa, na neno lake ndilo liandikwalo.

Tafakari sasa ni mambo mangapi yaweza kupotoka. Kundi la asubuhi hukuta upepo umelala, na kundi la alasiri hukuta upepo umeamka. Nao upepo wa wastani ukivuma kutoka ubavuni waweza kuisukuma risasi zaidi ya mita moja katika mwendo wa yadi 1,000. Kibao kilichopakwa rangi nyeupe alfajiri, ifikapo saa tisa kimekwisha kubanduliwa rangi na risasi za watu mia, na alama mpya haionekani tena. Mwamuzi wa kituo kimoja hueleza kanuni kwa urefu, na wa kituo kingine huzifupisha kwa sababu ya uchovu. Hayo yote hayaonekani katika karatasi ya matokeo. Karatasi husema tu: huyu kapata saba, yule kapata nne.

Makosa yasiyoandikwa

Mwaka 1874, tarehe 26 Septemba, timu ya Waamerika ilishindana na timu ya Waairish katika uwanja wa Creedmoor, karibu na mji wa New York, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Mmoja wa Waairish, Bwana J. K. Milner, alipiga risasi yake katikati kabisa ya shabaha. Ila shabaha hiyo haikuwa yake, ilikuwa ya jirani. Akaandikiwa sifuri. Mwisho wa siku Waamerika walikuwa na alama 934 na Waairish 931. Risasi moja, iliyopigwa kwa ustadi mahali pasipostahili, iliamua ushindi.

Ikapita miaka 130. Katika michezo ya Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, Bwana Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza katika bunduki ya mita 50, imebaki risasi moja tu. Akapiga, na shabaha yake haikuonyesha kitu. Risasi ilikuwa imeingia katika shabaha ya jirani. Akaanguka mpaka nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Bwana Jia Zhanbo wa China.

Watu husimulia habari hizi kama mikasa ya mtu mmoja mmoja. Lakini msimamizi mwenye busara hujiuliza swali jingine: ni wangapi walioelekeza bunduki kwenye shabaha ya jirani, kisha wakagutuka kabla ya kupiga? Hao hawamo katika kitabu chochote cha matokeo. Kosa lililotokea huandikwa, lakini kosa lililokaribia kutokea hubaki moyoni mwa mtu peke yake, naye hatalitaja asipoulizwa. Walengaji kumi wakijibu kwamba katika kituo cha sita namba za shabaha hazisomeki, msimamizi amepata onyo kabla ya msiba. Na hilo ni zaidi ya alama na vikombe. Kwani asiyeulizwa kama shabaha inasomeka, huenda pia hakuulizwa kama mtutu wa jirani ulimwelekea alipokuwa akihama kutoka kituo hata kituo. Hapo linalopotea si nishani, ni roho ya mtu.

Ushahidi wa mshindi

Wako wanaodhani kwamba maoni ni manung'uniko ya walioshindwa. Habari ya Montreal ya mwaka 1976 yatosha kuwajibu. Wakati huo wanawake na wanaume walishindana pamoja katika bunduki ya mita 50. Bwana Lanny Bassham na Bibi Margaret Murdock, wote wa Marekani, walimaliza sawasawa, kila mmoja akiwa na alama 1,162. Kanuni ya siku zile haikuwapa nafasi ya kupigiana tena. Ilitazama hesabu za mafungu yao ya risasi, ikampa Bwana Bassham dhahabu na Bibi Murdock fedha. Bwana Bassham aliona si haki. Aliomba wote wawili wapewe dhahabu, na ombi likakataliwa. Basi ulipopigwa wimbo wa taifa lao, alimvuta Bibi Murdock juu ya jukwaa la mshindi, wakasimama pamoja.

Mtu aliyeshindwa akiilaumu kanuni, msikilizaji aweza kushuku kwamba anajitetea. Lakini mtu aliyepata dhahabu kwa kanuni hiyo hiyo akisema ina kasoro, ushahidi wake una uzito wa pekee, maana ameusema dhidi ya faida yake. Kwa hiyo asiulizwe wa mwisho tu, wala asiulizwe wa kwanza tu. Aulizwe wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Aulizwe mgeni aliyekuja mara ya kwanza, ambaye macho yake bado hayajazoea kasoro. Waulizwe waamuzi waliosimama juani siku mbili. Na atafutwe yule aliyeshindana mwaka jana na mwaka huu hakurudi. Huyo wa mwisho ni mgumu kumpata, na mara nyingi ndiye mwenye la maana.

Namna ya kuuliza

Kuuliza nako ni kazi ya shabaha. Swali pana hukosa. Ukimwuliza mtu, "Je, mashindano yalikupendeza?" atajibu kwa adabu kwamba yalimpendeza, na hutakuwa umejua kitu. Muulize badala yake: Ni kituo gani hukuweza kuiona shabaha vizuri? Ni wapi maelezo uliyopewa yalitofautiana na waliyopewa wenzako? Ulingoja muda gani kabla ya zamu yako? Je, palikuwa na wakati ulipoingiwa na hofu juu ya usalama wako? Ni kituo gani kisiguswe, kibaki kama kilivyo? Maswali matano au sita yatosha. Karatasi ndefu hujazwa kwa haraka, na ijazwayo kwa haraka haina faida.

Wakati nao una hukumu yake. Ni bora karatasi ijazwe kabla ya matokeo kutangazwa, kwa kuwa matokeo yakisha kutangazwa mwenye kikombe husifu kila kitu, na aliyekosa huulaumu hata upepo. Tena ni vema kuuliza mara ya pili baada ya siku chache, joto la uwanjani likisha kupoa, kwani liko jambo ambalo mtu hulikumbuka njiani akirejea nyumbani. Na asilazimishwe kuandika jina lake. Mlengaji anayejua kwamba mwakani atasimama mbele ya mwamuzi yule yule hataandika kwamba mwamuzi huyo alikosea, isipokuwa amesitiriwa.

Kisha rai ziwekwe kando ya hesabu. Washindani wakisema kituo cha tatu kilikuwa kigumu mno, tazama daftari: wangapi waligusa chuma? Ikiwa hakuna hata mmoja, kituo hicho hakikumtenga fundi na mwanafunzi, na hakina kazi. Hali kadhalika kituo ambacho kila mtu amegusa vibao vyote. Lakini ikiwa mafundi waligusa na wanafunzi walikosa, basi ugumu ule ndio mchezo wenyewe, na lawama haikuwa na msingi.

Si kila rai ifuatwe

Hapa yafaa tutahadhari. Mlengaji hodari wa kulala atataka vituo vingi vya kulala, na hodari wa kusimama atataka vya kusimama. Mwenye bunduki nzito atataka kanuni za bunduki nzito. Kila mtu huvutia upande wake, na msimamizi akiwafuata wote ataufanya mchezo usiwe na umbo. Kwa hiyo rai zigawanywe mafungu matatu. La kwanza ni usalama: hapa hata sauti moja yatosha, haingojwi idadi. La pili ni haki: hapa zipimwe kwa hesabu, kama tulivyosema. La tatu ni raha, kama kivuli, maji na chakula: hapa wingi wa watu ndio utazamwe. Na kanuni za usalama zisipigiwe kura kamwe. Hata washindani wote wakiafikiana kwamba ukaguzi wa bunduki unawachelewesha, ukaguzi ubaki.

Kuuliza na kujibu

Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha mabadiliko yaliyopendekezwa na shirikisho la ulengaji la dunia. Mashindano matatu ya wanaume, mojawapo likiwa la bunduki ya mita 50 kwa kulala, yaliondolewa katika michezo ya Tokyo, na mahali pake pakawekwa mashindano matatu ya timu za mwanamume na mwanamke. Sababu ilikuwa njema. Katika michezo ya Rio, mwaka 2016, wanaume walikuwa na mashindano 9 na wanawake 6. Tangu mwaka 2018 wanawake wakaruhusiwa pia kupiga risasi 60 katika bunduki ya hewa kama wanaume, badala ya 40 za awali. Hata hivyo walengaji wengi waliokuwa wametumia ujana wao wote katika mchezo uliofutwa walilalamika kwa uchungu kwamba uamuzi umewafikia wao, bali sauti zao hazikuufikia uamuzi.

Hatusemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Twasema kwamba hata uamuzi mwema huacha jeraha iwapo wenye kuguswa nao hawaoni mahali ambapo neno lao lilipimwa. Na hilo ni kweli katika uwanja mdogo wa kijiji kama lilivyo katika Olimpiki. Baada ya kukusanya karatasi, msimamizi awaandikie washindani wote waraka mfupi: haya mliyasema, haya tumeyabadili, haya hatukuyabadili, na sababu ni hizi. Aliyekataliwa kwa sababu iliyo wazi atarudi mwakani. Aliyeulizwa kisha akanyamaziwa hatajaza karatasi ya pili, na pengine hatarudi kabisa. Kuuliza mara moja bila ya kujibu ni kubaya kuliko kutouliza, kwa kuwa asiyeulizwa hudhani amesahauliwa, na aliyenyamaziwa hujua amedharauliwa.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, huenda bunduki ya shabaha hamtaishika maishani mwenu. Lakini wengi wenu mtapewa siku moja kusimamia mashindano ya mbio shuleni, au mpira wa mtaani, au shughuli ya watoto wa chuo. Siku hiyo shughuli ikisha, msiondoke na daftari la matokeo peke yake. Mwiteni mtoto aliyemaliza wa mwisho, mketi naye, mmuulize aliona nini huko nyuma ambako ninyi hamkuwako. Penye wengi hapaharibiki neno, maadamu hao wengi wamepewa nafasi ya kulisema.